Nilimwashia Kaka Yangu Umeme

Kaka yangu alikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili ndani ya dari ya kanisa, anaunga nyaya... na mimi huku nyuma nikawasha umeme.

Rudia kusoma kama hujaelewa. Ni mimi.

Miaka saba nimelala na kuamka na hilo jambo peke yangu. Leo nalitoa hapa. Ukitaka kunitukana nitukane tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Iko hivi. Mimi na kaka ni mafundi umeme. Wazazi wetu walitangulia nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea na kunifundisha kazi. Sheria yake ilikuwa moja. Anayepanda ngazi anachomoa fyuzi kwanza, anaitia mfukoni mwake. Akishashuka, anagonga ngazi kwa koleo mara tatu.

Ko, ko, ko. Maana yake nimemaliza, njoo uchukue fyuzi, washa.

"Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu, na roho yangu imo humo humo," alikuwa ananiambia.

Sasa siku ile simu yangu ilibakiza asilimia mbili. Kuna binti nilikuwa nachati naye, ndiyo kwanza ameanza kulainika. Na kwenye begi nilikuwa na fyuzi ya akiba. Nikajisemea, kaka bado anakagua tu, hajagusa waya... nichaji dakika tano.

Nikaipachika kwenye boksi la fyuzi, nyuma ya kanisa.

Nilisikia ngazi kwanza. Halafu nikamsikia yeye.

Nikaichomoa, nikakimbia ndani. Mkono wake wa kulia ulikuwa... basi, niishie hapo. Hospitali waliukata.

Mchungaji alifika anahema, akanikuta nimeshika fyuzi.

"Kimetokea nini?"

"Alisahau kuichomoa, mchungaji. Nimeichomoa mimi."

Umeona ujanja wangu? Nusu yake ni kweli kabisa.

Jumapili iliyofuata nikasimamishwa mbele, eti nimeokoa maisha ya kaka yangu. Wakaniita Shujaa. Miaka yote saba kina mama wa kwaya wakinikuta njiani ilikuwa "Shujaa, hujambo?" Huku kaka, mwenye sheria yake, akawa ndiye mzembe. Fundi mzima anasahau fyuzi, watu walisema, naye yupo anasikia.

Tangu hapo nikaanza kusikia.

Ko, ko, ko. Kwenye bomba la bafuni. Kwenye mwiko wa mke wangu akiugonga ukingoni mwa sufuria. Na kanisani ndiyo usiseme, maana doa jeusi la kuungua siku ile lipo bado pale darini, hakuna aliyewahi kulipaka rangi. Nilifunga, nikaomba, nikahama mpaka benchi. Wapi. Niliamini Mungu anasamehe, lakini anasamehe watu wengine.

Halafu kila Jumapili, ibada ikiisha, kaka ananisubiri mlangoni. Ananipa mkono wa kushoto, ananiangalia usoni.

"Una neno, mdogo wangu?"

"Sina, kaka."

"Haya."

Miaka saba, swali ni lile lile. Nilijua nikilijibu nampoteza, na sina ndugu mwingine duniani.

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni. Mchungaji akahubiri upendo wa Mungu, akaniita.

"Shujaa, njoo uwasimulie wageni Bwana alivyokutumia."

Nikasimama mbele. Nikashika kipaza sauti. Juu yangu doa. Na pale pale zikaanza... ko, ko, ko... karibu kabisa, kama mtu yupo juu ya dari anasubiri nimfungulie.

Nilikiweka kipaza sauti mimbarini, nikatoka nje. Miguu ikanipeleka nyuma ya kanisa, kwenye boksi la fyuzi. Nikaegemea ukuta, nikalia kama mtoto.

Nikasikia hatua. Kaka.

"Una neno, mdogo wangu?"

"Ninalo."

Nikamwambia yote. Fyuzi ya akiba, simu, binti, uongo. Sikumwangalia. Nilikuwa nasubiri kofi, na nilikuwa nalitaka.

Akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti. Akautoa, akaufungua mbele yangu.

Fyuzi. Kuukuu, yenye alama ya rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe.

Jamani, niliitambua.

"Hospitali walinirudishia nguo zangu kwenye mfuko," alisema. "Nikaikuta kwenye suruali, siku ya nne. Nikajua kuna aliyepachika nyingine. Na kule nyuma ulikuwa wewe peke yako."

"Ulijua... miaka yote? Wanakuita mzembe na unajua?"

"Usinifanye malaika. Mwaka wa kwanza nilikuchukia mpaka chakula hakipandi. Kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nafunga mdomo. Nauruka huo mstari, naendelea na unaofuata. Siku moja nikashtukia nimeutamka. Msamaha ule sikuutoa mimi, nguvu hiyo sina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ningekuwa nimekukamata. Nilitaka uje mwenyewe. Nimekuuliza kila Jumapili, wewe unasema huna neno."

Akaniwekea fyuzi kiganjani, akanifunga vidole.

Wapendwa, mimi nilidhani nakwenda kuomba msamaha. Kumbe ulikuwa umeshatolewa, unanisubiri mlangoni kila Jumapili, na mimi naupita nasema sina neno. Ndivyo Mungu alivyo. Anajua, na bado anakuuliza. Kama una neno, mwambie leo.

Tulirudi ndani wote wawili, nikasema kweli mbele ya wote. Wengine hawanisalimii tena, na ni haki yao.

Nilipomaliza, kaka alikuwa benchi la mbele. Akakunja ngumi ya mkono mmoja aliobaki nao, akagonga ubao wa benchi mara tatu.

Tangu siku hiyo, bombani nasikia maji tu.