Kitufe Shingoni mwa Mzee

Jumatatu, saa tano asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji. Mlango umefungwa kwa ndani, redio imefunguliwa kwa sauti ili jirani asiambulie neno. Juu ya pipa la mafuta kuna ubao, na juu ya ubao kuna kitufe cheupe, si kikubwa kuliko kifuniko cha chupa.

"Hicho ndicho kinachotuzuia?" aliuliza Breki. Huyo ni dereva. Jina alipewa kwa sababu breki hazitumii.

"Hicho," alisema Fundi.

"Nakikanyaga, kinakufa."

"Na polisi wanajua kimekanyagwa."

Komeo alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni. Ndiye mkuu wao, na ndiye kaka wa mke wa Fundi. Balaa lote lilianzia hapo. Tangu kibanda chake cha kutengenezea redio kibomolewe, Fundi na mkewe walikuwa wanaishi chumba cha uani kwa Komeo. Analala kwa shemeji, anakula kwa shemeji, hata sabuni ya kuogea ni ya shemeji. Komeo hakuwahi kumsimanga. Aliuliza tu, mbele za watu, "Fundi, umeshiba?" Basi Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Eleza," alisema Komeo.

Fundi akaeleza. Vitufe hivyo viliundwa na kampuni moja ya mbali. Unakibandika jikoni, sabuni ikiisha unabonyeza, unaletewa nyingine. Kampuni ikachoka navyo, ikaacha kuvitengeneza, ikavizimia mitambo. Yeye alivikuta gunia zima kwa wauza mitumba, akavipasua, akavifundisha kazi nyingine. Duka la sonara wanalotaka kuliiba alilifungia vitufe yeye: kitufe kimoja chini ya kaunta, kingine kwenye mlango wa nyuma. Ukibonyeza, king'ora kinalia dukani na kwa walinzi wa mtaa wa pili. Vinaongea kwa hewa, hakuna waya wa kukata.

"Ugonjwa wao ni betri," alisema. "Kitufe kinaamka, kinaita kisanduku kilichoko darini, kikijibiwa kinalala. Kisipojibiwa hakilali. Kinaita na kuita mpaka kinakata roho. Kesho nakifanya kisanduku kiwe kinasikia lakini hakijibu. Mama wa dukani, mke wa sonara, huvijaribu kila asubuhi. Akibonyeza, vitalia kama kawaida. Kumbe usiku kucha vinakesha. Alhamisi mchana havina kitu."

"Polisi wakivifungua?"

"Wanakuta betri zimekwisha. Nani atashtaki betri?"

Breki akaangua kicheko. Komeo naye akacheka, akamgonga Fundi begani. "Kumbe shemeji ana kichwa."

Moyo wa Fundi uliruka kwa furaha. Mtu mzima, ana mke, anafurahi kama mtoto aliyesifiwa kwa kufagia uwanja.

Kitufe cha tatu hakukitaja. Kilikuwa shingoni mwa baba yake sonara, mzee aliyepooza upande mmoja, anayelala ghorofani juu ya duka. Kisanduku ni hicho hicho kimoja kwa vyote. Fundi alifungua mdomo aseme. Akaona Komeo bado anatabasamu. Akaufunga.

Jumanne, saa nne asubuhi.

Mke wa sonara alimshikia ngazi mwenyewe. Fundi akaingiza kichwa darini, akagusa alichogusa, akashuka na vumbi kichwani. Haikumchukua muda.

"Kiasi gani, kaka?"

"Ya leo bure, mama. Ni ukaguzi tu."

"Mungu akuzidishie. Panda basi umsalimie baba, anakuulizia kila siku."

Hakutaka kupanda. Alipanda. Mzee alikuwa amelala kwa mito mitatu, maneno yake yanatoka mazito, yanaburuta. Kwa mkono mzima aliinua kitufe kilichoning'inia kwenye kamba ya kiatu. Kamba hiyo aliifunga Fundi mwenyewe.

"Huyu ndiye mwanangu wa pili," alisema mzee, akikitazama kitufe. "Hanisumbui, haombi pesa. Nikibonyeza, watu wanakuja?"

"Wanakuja, mzee."

"Hata kama huyu mama yuko chini dukani?"

"Hata kama yuko chini."

Alishuka ngazi uso unamwaka. Mlangoni mama alimpa chai. Akainywa yote, ikamuunguza.

Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana.

Sonara amekwenda kununua mzigo. Pazia la chuma limeshushwa nusu kwa ajili ya mapumziko. Breki amebaki kwenye gari, injini inanguruma. Waliingia wawili, nyuso zimefunikwa kwa kofia za sufu zilizotobolewa macho. Komeo na bastola. Fundi na begi la vifaa, kazi yake ni sefu.

"Mikono juu. Usipige kelele."

Mke wa sonara aliinua mikono. Hakupiga kelele. Goti lake likasogea taratibu chini ya kaunta.

Komeo hakuliona. Fundi aliliona. Goti likabonyeza, likangoja, likabonyeza tena. Uso wa mama ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa amehakikishiwa na mtu anayemwamini kwamba watu watakuja. Goti likabonyeza mara ya tatu, na hapo utulivu ukaanza kumtoka, kidogo kidogo, mbele ya macho ya yule yule aliyemhakikishia. Fundi akageukia sefu. Akatoa vifaa, akaanza kazi.

Sefu ilifunguka. Komeo alikuwa anakomba pete kwa viganja, anazimimina begini, mara kitu kizito kikaanguka huko juu ghorofani. Kisha kikohozi cha majimaji, kisichofika mwisho.

"Baba," alisema mama. "Jamani, bebeni vyote. Niacheni nipande nimgeuze."

"Lala chini."

"Amepaliwa. Akilala chali hawezi kujigeuza. Atakufa."

"Nimesema lala."

Akalala kifudifudi, shavu kwenye vigae. "Mbona habonyezi?" alisema, kama anajiuliza mwenyewe. "Angebonyeza tu, walinzi wangekuja."

Fundi alijua kwamba mzee anabonyeza. Alijua hivyo kuliko alivyojua kitu chochote duniani. Akatupa begi la vifaa. Akapanda ngazi mbili mbili.

Mzee alikuwa sakafuni, chali, midomo imeanza kuwa ya bluu. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza. Alipoona mtu asiye na uso anamwinamia, alipigana kwa ule mkono mmoja, akazidi kukosa pumzi. Fundi akaivua kofia.

"Ni mimi, mzee. Tulia. Ni mimi."

Akamgeuza ubavu. Akamtoa uchafu mdomoni kwa vidole, akampiga mgongoni. Pumzi ikaingia, ikakwama, ikaingia. Akimwachia, kichwa kinalala nyuma na koo linaziba. Akakishika.

Komeo alisimama mlangoni, begi begani.

"Tuondoke."

"Nikimwachia anakufa."

"Si baba yako huyo."

"Najua."

"Umeivua kofia, mjinga wewe." Komeo aliinua bastola, akaishusha. "Dada yangu nimwambie nini?"

Fundi alifikiria mkewe uani, anaanua nguo zake, na kesho kila mtu mtaani atamjua kama mke wa nani. "Mwambie ukweli," alisema.

Komeo akashuka mguu niponye. Mlango wa gari ukabamizwa, matairi yakalia, kikabaki kikohozi cha mzee tu.

Saa saba na nusu.

Mama alifika kwanza, kisha mlinzi aliyesikia kelele zake barabarani. Mama alipiga magoti upande wa pili wa mkwewe. Alimwona Fundi. Aliiona kofia sakafuni, imetobolewa macho. Fundi angeshukuru kama angemtukana.

"Huyu ni nani?" aliuliza mlinzi, rungu mkononi.

Mzee ndiye aliyejibu. Maneno yalitoka moja moja.

"Fundi wetu. Nilibonyeza. Akaja."

"Hakikuita, mama," alisema Fundi. Hakuweza kumtazama. "Vyote vimekufa tangu mchana. Niliviua mimi, Jumanne, ulipokuwa umenishikia ngazi."

Mama aliushika ule mkono wa Fundi uliokuwa chini ya kichwa cha mzee. Akautoa taratibu, akaweka wake. Mlinzi akamwambia Fundi asimame, akasimama.

Mzee hakuwa amesikia lolote. Alikuwa ameinua kile kitufe kwenye kamba ya kiatu, anakibonyeza tena kwa kidole gumba, amwonyeshe mlinzi kinavyofanya kazi.