Palupi Aliyeikatalia Mashine

Ndugu zangu, asubuhi za nyumbani kwa Bu Warsini zilikuwa za kutamanisha. Mama huyo alikuwa akichota maji kisimani nyuma ya jiko, anayachemsha hadi yatokote, kisha anatia chai ya yasmini na kukaanga tempe za soya. Binti yake mdogo, Niken, alikuwa na miaka mitatu na domo lisilopumzika. Binti mkubwa, Palupi, alikuwa chuoni mjini akisomea kemia. Kijiji kizima kilijua hilo, maana mama yake hakumnyima mtu habari hiyo.

Uani kwa jirani walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake ili wayauze. Moshi wao ulishazoeleka. Kilichovuruga utulivu ni Bu Lasmi wa nyumba ya pili, aliyeanza kununua maji ya madumu.

"Warsini, kisima chako kiko pua na mdomo na lile shimo wanalomwagia maji ya betri," alisema. "Mimi ningekuwa wewe nisingeyanywa."

"Palupi anakuja kuyapima, Mbak," Warsini akamjibu, akimwita dada. "Mwanangu akisema mabaya, nitakifukia kesho yake. Akisema mazuri, uniache ninywe kwa raha zangu."

Ni kweli, Palupi alikuwa amepewa kazi hiyo. Mwalimu wake, Pak Hartoyo, alitaka kujua kama risasi imefika kwenye maji ya kijiji, naye Palupi akaichukua kazi hiyo iwe utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Alikuja na chupa zake, akateka maji kwenye visima vyote vya mtaa, cha mama yake pia, akarudi chuoni.

Kabla sijaendelea, lazima niseme binti huyu alivyolelewa maabarani, kwa sababu ugonjwa wa hadithi hii ulianzia huko.

Kila wiki, tangu mwaka wa kwanza, walifanya jaribio ambalo kaka na dada zao waliotangulia walishalifanya, na jibu lilikuwa kitabuni. Aliyewasimamia ni mwanafunzi wa mwaka wa juu, Mas Danang, mwenye kalamu nyekundu na haraka ya kwenda kula. Siku moja walipima ukali wa siki ya dukani. Palupi, mgeni bado na mwaminifu bado, akaandika kile alichokiona.

"Siki gani hii, Dik?" Danang akacheka, kama kaka kwa mdogo wake. "Umeinunua mwezini?"

"Ndicho nilichopata, Mas."

"Umekipata vibaya. Rudia tangu mwanzo, au piga risasi tufunge maabara. Nina njaa."

Wenzake walimweleza. Kupiga risasi ni kulitazama jibu la kitabuni, kisha kurudi kinyumenyume kwa hesabu na kubuni vipimo vitakavyolifikia, na kuviharibu kidogo ili vionekane vya kweli. Lugha yetu ina neno lilelile kwa madini yale ya betri, na katika kisa hiki sioni kama imekosea.

Palupi alipiga. Sahihi ya Danang ikatoka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini siki yake ilikuwa nyepesi. Labda muuza duka aliizimua kwa maji, hatutajua kamwe. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa hodari kuliko wote, alama zake za juu, na yeye ndiye aliyewapigia wavivu. Naomba mnielewe, hakuwa mwizi. Aliamini kwa dhati kwamba namba ikitoka nje ya kitabu, mwenye kosa ni mkono wake.

Basi akaipeleka chupa ya kisima cha mama yake kwenye mashine ya kupimia, ikatoa namba kubwa, ya kutisha. Akasafisha vyombo, akarudia. Ikatoka ileile. Akarudia tena, na mashine ikang'ang'ania neno lake. Visima vingine vya mtaa vilikuwa na risasi kidogo tu. Itakuwaje namba ya hiki kimoja ipande hivyo?

"Nimechafua chupa," akajiambia. "Mikono yangu hii."

Hakukuwa na kitabu chenye jibu la kisima cha mama yake, kwa hiyo akatafuta lililo karibu: utafiti wa zamani wa wilaya ya jirani. Akapiga risasi. Alipomaliza alisikia nafuu, ile nafuu aliyoizoea ya kazi iliyokubaliwa. Akapiga simu nyumbani.

"Kunyweni tu, Bu. Maji ni mazuri."

"Nilijua," mama akasema. "Ngoja Lasmi anisikie leo."

Msimu wa mvua ukaja, ukapita. Niken akaanza kulia tumbo. Akakataa kula, akapauka, akawa mzito wa kuamka. Mama akazidi kumnywesha maji, akiyachemsha kwa uangalifu, asijue kwamba moto hauondoi risasi. Kisha mtoto akaanza kupoteza maneno. Siku aliyoanguka na kutetemeka mwili mzima walimkimbiza hospitali ya mkoa, daktari akapima damu, akauliza wanakunywa maji ya wapi.

Pak Hartoyo alipopata habari aliitoa ile chupa kabatini, akaipima mwenyewe. Akamwita Palupi.

"Namba ulizoniletea ulizipata wapi?"

"Nilipiga risasi, Pak."

Mzee akavua miwani. "Nani alikufundisha jambo hilo?"

Palupi alikuwa analia, lakini alijibu. "Hapahapa, Pak. Tangu mwaka wa kwanza. Mlizipitisha zote."

Ripoti zile zilikuwa zimepita mezani kwa mwalimu huyo.

Jioni, hospitalini, Niken alikuwa amelala na sindano mkononi. Daktari alikuwa ameshasema: ataishi, ila kilichoharibika kichwani hakitarudi chote. Palupi alimweleza mama yake kila kitu, na mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sijasoma, Nduk, binti yangu. Nieleweshe. Mashine ilikuambia kweli?"

"Ndiyo, Bu."

"Mara ngapi?"

"Kila nilipoiuliza."

"Na wewe ukaikatalia."

Palupi akainamisha kichwa. Mama akamfunika Niken miguu. Hakumtukana mwanawe, wala usiku huo hakumsemesha tena.

FUNZO

Enyi walimu wa maabara, nawasema ninyi kwanza, na nasema kwa hasira. Mnampa kijana jaribio lenye jibu lililozeeka, mnampigia mstari mwekundu akikosea, halafu mwaka wa mwisho mnamkabidhi kisima cha watu na kumwita mtafiti. Mpeni mapema swali ambalo hata ninyi hamlijui jibu lake. Akileta namba ya ajabu, kaeni naye muitafute asili yake, na mumpe alama kwa kuitafuta.

Nanyi wanafunzi, andikeni mlichokiona, hata kama kinawaaibisha. Ripoti ya kurudiwa itakula jioni yenu moja. Palupi sasa anamfundisha mdogo wake, upya, kusema neno "maji".