Nilimpiga kwa Kulala Peke Yake

Nina miaka arubaini na mmoja, mkulima wa karafuu huku kisiwani, Ole. Haya sijamsimulia hata mama yangu mzazi...

Mke wangu, Raya, aliota uvimbe shingoni. Daktari akasema ni saratani ya tezi ya shingo, ila aina yake inatibika: kwanza upasuaji wa kuitoa tezi yote, baadaye dawa ya kunywa yenye mionzi, kisha kidonge kila siku maishani. Alikwenda Dar es Salaam na kaka yake, Khamis. Mimi nilibaki nachuma karafuu. Laiti ningefuatana nao...

Alirudi baada ya kunywa ile dawa, ana kovu shingoni na sauti imepotea, ananong'ona tu. Papo hapo akahamishia godoro chumba cha uani.

"Baba Salma, wewe na mtoto msinikaribie," alinambia. "Mwilini mwangu bado mna mionzi ya ile dawa, itawadhuru. Daktari kasema nijitenge wiki nzima."

Sikumwamini. Mionzi gani isiyoonekana? Nikaona haya kwenda kumuuliza daktari. Nikajua amepata mwanamme huko Dar.

Siku ya tatu, natoka msikitini adhuhuri, nikamsikia ananong'ona na simu, anacheka chini chini. Nikauvunja mlango kwa teke. Nikamkamata nywele, nikampiga ngumi za uso, nikamkaba hadi kucha zangu zikalichana kovu na damu ikanitiririka mikononi. Alifungua mdomo kupiga ukelele, hakikutoka kitu... Jirani alikuwa anatwanga nyuma ya ua, hakusikia.

Simu ilikuwa sakafuni, na ndani yake sauti ya Khamis: "Shemegi, unamuua! Muache!"

Alikuwa akiongea na kaka yake. Nikamwachia.

Khamis alifika kwa pikipiki kutoka Wete, anakoishi. Hakuniuliza. Alichukua mchi wa jirani, akanivunja mkono, kisha meno mawili. Sikujitetea, ningejitetea kwa lipi? Yeye na jirani wakamkimbiza Raya hospitali. Mimi nikafungwa jela, na kadhi akaivunja ndoa yetu.

Leo Raya ni mzima, anaishi Wete na binti yetu. Mwezi uliopita nilimkuta sokoni, nikamtaka radhi. Akaninong'oneza: "Nilikuwa nakukinga wewe na mwanao." Akaenda zake.

Ndugu yangu msomaji, mkeo akiitwa na daktari, ingia naye. Usilolifahamu liulize hapo hapo, mara mbili, mara tatu, hata wakuone mjinga. Mimi niliona haya kuuliza, sikuona haya kupiga.