Glavu Niliyoitia Kiraka

Nina umri wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto watatu, na sina dada. Yaani ninaye, yuko hai, lakini akiniona sokoni Nakuru huvuka barabara. Someni mkasa wangu, mniambie kama ana makosa...

Wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya mkoloni, nilikuwa askari wa zimamoto hapa mjini. Aliyeniombea kazi hiyo ni shemeji yangu Wafula, mume wa dada yangu Nasimiyu. Alinifundisha kila kitu, hata kufunga mkanda!

Kikosi kizima tulikuwa na jozi moja tu ya glavu za mpira za kushughulikia waya wa stima. Kazi yangu ilikuwa kuzipima kila asubuhi: unaipuliza glavu, unaibana mdomo, unaisogeza shavuni usikie kama inavuja.

Jumamosi moja nilizichukua kwa siri nikaenda kulizungushia seng'enge shamba langu la sukuma wiki. Jumatatu naipuliza ya kulia... fyuu! Mwiba wa seng'enge ulikuwa umeitoboa.

Mngefanya nini? Afisa wetu alikuwa Mzungu mkali ajabu. Angenifukuza siku hiyo hiyo, na nyumba ya manispaa ningeihama. Basi nikafanya kama mwenye baiskeli yeyote: nikakwangua, nikapaka solusheni, nikabandika kiraka cha tyubu, tena kwa ndani kisionekane. Nikapuliza. Haikuvuja! Nikajiona fundi. Mjinga mkubwa! Kuzuia hewa si kuzuia stima.

Wiki mbili baadaye mvua ya upepo iliangusha nguzo kwenye barabara ya Njoro. Waya ulilalia lori la ngano, na ndani mlikuwa na dereva na mkewe mja mzito. Mtu wa kukata stima alikuwa bado hajafika. Petroli ilikuwa ikimwagika, na yule mama akilia kwamba ataruka, na kuruka kungemuua. Wafula akachukua mti wetu wa kusukumia waya.

"Shemeji, glavu umepima?"

"Nimepima. Ziko sawa, vaa."

Nilisema hivyo, wasomaji! Kwa mdomo huu!

Mti ulikuwa umelowa. Aliusukuma waya mpaka ukaachana na lori, mama akashuka salama. Wafula akaanguka palepale... Mkono wake wa kulia siwezi kuueleza.

Wenzangu wakiwa bado kwa yule mama, nilimvua zile glavu nikazificha kabla hawajaja kumfunika. Afisa aliponiuliza, nilisema shemeji alizikataa, akashika mti kwa mikono mitupu. Ikaandikwa kwamba amekufa kwa uzembe wake. Nasimiyu akaambiwa ahame nyumba ya manispaa, nami nikamsaidia kubeba vitanda vyake mpaka kwangu. Cheo cha Wafula nikapewa mimi!

Miaka miwili nilinyamaza. Siku moja Nasimiyu alipiga magoti jikoni kwangu, akanishukuru kwa kuwalea wanawe. Shukrani ile ilinishinda. Nikamwambia yote.

Hakulia. Aliinuka.

"Watoto wangu wanakuita baba," alisema.

Akawashika mikono, wakaondoka bila hata nguo za kubadilisha.

Wenzangu, ukiharibu kitu ambacho mwenzako atakitegemea kwa uhai wake, sema siku hiyo hiyo. Utatukanwa, ndiyo. Utafukuzwa. Rudi nyumbani ukalime mahindi. Krismasi ikifika, shemeji yako atakuja kukutembelea.