Uzi wa Gahanga

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya ukuta wa ramani, mguu mmoja umekunjwa, kisogo kwenye kona ya nguzo ya zege. Damu ilikuwa imeshakauka. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba ngumi.

Inspekta Annah Mukabalisa alichutama na kumsubiri fundi wa polisi amalize kupiga picha. Kisha akaifungua ile ngumi, kidole kwa kidole. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi mwekundu.

"Uzi wa kushonea," alisema Sajini Eddie nyuma yake. "Msanifu wa shirika zima anakufa ameshika uzi wa cherehani. Kazi za siku hizi sizielewi, afande."

"Usizozielewa, uliza. Kisha ucheke."

Marehemu aliitwa Rwema. Alizaliwa Karagwe, akasomea usanifu wa mifumo ya biashara, akaajiriwa Kacyiru, jijini Kigali, na kampuni ya Umwuka, inayosambaza mitungi ya oksijeni kwenye vituo vya afya. Kampuni ilikuwa ikijigeuza: idara kubwa zimevunjwa, vikundi vidogo vimeundwa ili maamuzi yafanyike upesi. Kazi ya Rwema ilikuwa kuchora jinsi vikundi hivyo vinavyotegemeana.

Michoro hiyo ndiyo iliyojaa ukutani. Mamia ya kadi, mamia ya pini, na kati ya kadi na kadi nyuzi za kijani zilizokazwa.

Mlinzi wa getini alieleza kwa Kiswahili chake. "Jana jioni mvua iko mingi, afande. Watu wote wanaenda. Wanabaki Rwema na watu watatu. Shakira, Nsabimana, na bosi Benon. Wanatoka mmoja mmoja. Nani wa mwisho, sijui. Mimi iko ndani ya kibanda, najikinga."

"Rwema hukumwona akitoka?"

"Oya, hapana. Nikafikiri analala kazini. Yeye iko hivyo."

Watatu hao walikubali kuchukuliwa alama za vidole. Mukabalisa alianza na Shakira, kwa kuwa ndiye aliyeigundua maiti asubuhi. Alikuwa binti wa mafundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, sasa kiongozi wa kikundi cha maagizo. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetereka.

"Nieleze ukuta huu, dada. Kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Kila kadi ni kazi ambayo kampuni lazima iweze kuifanya. Ina mwenyewe mmoja. Uzi wa kijani maana yake kazi hii inaikabidhi ile. Mwenye kadi hii anafunga ncha yake, mwenye ile anafunga yake, kwenye mkutano wa asubuhi, wote tumesimama hapa. Uzi mmoja, mikono ya watu wawili. Ukishafunga, umekubali. Nyuzi zenyewe nilizileta mimi, kutoka dukani kwa mama."

"Na mwekundu?"

"Mwekundu alikuwa anaufunga Rwema peke yake. Maana yake hapa kuna pengo. Kazi ipo, mwenyewe hayupo."

"Sioni mwekundu hata mmoja."

Shakira aligeuka akautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkatika. "Jana ulikuwepo. Kutoka kadi yangu kwenda kadi ya Nsabimana. Maagizo ya usiku." Akasogea. "Huu wa kijani sijaufunga mimi."

"Watu walisikia ukimpigia kelele jana mchana."

"Ndiyo. Nilimwambia ananivua nguo mbele ya bodi. Bodi inakuja Ijumaa kuukagua ukuta. Nilijua uzi ule utasomeka kuwa kosa langu." "Alinijibu, 'Shakira, kosa si lako, lakini pengo ni la kweli.' Nikaondoka bila kumuaga."

Nje, Eddie alikuwa na uamuzi tayari. "Ugomvi anao. Uzi ni wake, ulimhusu yeye. Nimtie pingu?"

"Ulicho nacho ni hasira yake tu. Hasira hata mimi ninayo."

Mukabalisa alirudi ukutani peke yake. Aliinama karibu na ule uzi wa kijani, akautazama kwa muda mrefu kuliko Eddie alivyopenda. Kisha akazitazama nyuzi nyingine za Shakira: fundo dogo, kavu, limekatwa karibu, fundo la mshonaji. Za Nsabimana, mkuu wa usafirishaji, zilizungushwa mara mbili na kukazwa kwa nguvu, kama mtu anayefunga turubai la lori.

Uzi ule haukufanana na wa mmoja wala wa mwingine. Ncha zote mbili zilikuwa na fundo la namna moja, lenye kitanzi kilichoachwa pembeni.

Fundo hilo alilijua. Yeye naye alikulia Karagwe, kwenye ng'ombe wa baba yake. Wakati wa kukamua, miguu ya nyuma ya ng'ombe hufungwa hivyo, ili akianza kurusha mateke, kamba ifunguke kwa mvuto mmoja. Mkono uliolizoea hulifunga bila kushauriana na kichwa.

"Pini hizi mbili," alimwambia fundi. "Zing'oe pamoja na uzi, kama zilivyo. Vichwa vyake ni vya plastiki. Zipimwe leo."

Simu ya mwisho ya Rwema ilikuwa imepigwa kwenye kituo cha afya huko Gahanga. Mchana waliteremka huko, wakapita nyumba mpya zilizochanganyika na mashamba ya maharage. Muuguzi Mugeni aliwapokea akiwa amesimama, maana viti vyote vilikuwa na wagonjwa.

"Rwema alikuja kufanya nini hapa?"

"Kuuliza habari za mama aliyefia hapa mwezi uliopita. Alijifungua salama, kisha akaanza kukosa pumzi. Mtungi wetu ulikuwa unakwisha. Nikapiga Umwuka usiku."

"Wakasema nini?"

"Nani aseme? Hakuna mtu aliyepokea. Zamani kulikuwa na deski la usiku, ukipiga unapokewa. Siku hizi nikipiga kwa maagizo, mashine inaniambia usiku ni wa usafirishaji. Nikipiga usafirishaji, mashine inaniambia nianzie maagizo. Gari la wagonjwa lilipofika, mama alikuwa ameshatutoka."

"Mliripoti?"

"Tuliandika. Tukajibiwa kwamba kampuni iko kwenye mageuzi." Mugeni alifuta mikono kwenye aproni. "Rwema peke yake ndiye aliyekuja. Akaenda mpaka kwa mume wa marehemu, akakaa naye. Aliporudi akaniambia, 'Mwihangane, poleni sana. Kesho nitalisema mbele ya wote.'"

"Na sasa usiku mnapiga wapi?"

"Palepale, afande. Tunaomba Mungu pasiharibike kitu."

Jioni, daktari wa uchunguzi wa maiti alisoma matokeo kwa simu, bila kupamba. Fuvu limepasuka kisogoni, kutokana na kuanguka kinyumenyume juu ya kitu chenye kona. Michubuko kifuani, ya kusukumwa. "Jambo moja zaidi, Inspekta. Hakufa papo hapo. Alihangaika kupumua, pengine nusu saa, pengine zaidi. Angepewa oksijeni na kuwahishwa hospitali, alikuwa na nafasi."

Mukabalisa alikata simu. Ghala la mitungi la Umwuka lilikuwa chini ya ngazi za ukumbi uleule alimofia Rwema.

Asubuhi iliyofuata aliwataka watatu wale wasimame mbele ya ukuta kama kwenye mkutano wao. Palikuwa na nafasi tupu mahali uzi ulipong'olewa. Benon, mkurugenzi wa mageuzi, alisimama katikati: mrefu, nadhifu, ameshika simu mbili.

"Uzi ule wa maagizo ya usiku, nani aliufunga?"

"Si mimi," alisema Shakira.

"Si mimi. Na nisingekubali," alisema Nsabimana. "Madereva wangu wa usiku waliondolewa. Ningekabidhiwa kitu nikibebe kwa mgongo?"

"Bwana Benon?"

Benon alitabasamu kidogo. "Inspekta, mimi sina kadi hapo. Mkurugenzi hafungi nyuzi. Utaratibu niliuleta, lakini ukuta wenyewe sijawahi kuugusa."

"Hata pini moja?"

"Hata moja."

Eddie aliandika. Mukabalisa akagawa vipande vitatu vya uzi na pini tatu zilizochomekwa kwenye ubao. "Kila mmoja afunge wake."

Shakira alifunga fundo la mshonaji. Nsabimana alizungusha mara mbili, akakaza. Benon alikuwa bado akiongea, akisema kwamba kampuni ina msiba na pia ina bodi kesho. Vidole vyake vilimaliza kazi bila yeye kuvitazama. Kitanzi kikabaki pembeni.

Mukabalisa alivuta ncha. Fundo likafunguka lote.

"Umekulia wapi, Bwana Benon?"

"Uganda. Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Baba alikamua ng'ombe za watu. Kwa nini?"

"Fundo hilo lilikuwa kwenye ncha zote mbili za uzi ule."

"Nusu ya Kigali inalijua fundo hilo."

"Kweli. Kwa hiyo sikulitumia kukushitaki. Nililitumia kujua, kati ya mamia ya pini, zipi za kupima. Zote mbili zina alama ya kidole gumba chako. Na umetuambia sasa hivi, mbele ya watu, kwamba hujawahi kugusa hata moja."

Simu moja ya Benon iliita. Hakuipokea.

"Uliusimamia utaratibu huu, lakini hukuwahi kusimama nao," alisema Mukabalisa. "Ungefunga uzi mmoja tu mbele ya wenzako, ungejua kwamba kila mkono hapa unajulikana."

Benon aliweka simu zote mbili chini, akaketi sakafuni kama mtu aliyeambiwa aketi.

"Nilimwomba auondoe mpaka bodi ipite," alisema. "Siku chache tu. Alikataa. Akasema mtu wa Gahanga hana siku chache. Nikaushika uzi, naye akaushika. Ukakatika mkononi mwake. Nikamsukuma."

"Baada ya kuanguka, alikuwa akipumua?"

"Ndiyo."

"Ulifanya nini?"

"Nilifunga uzi wa kijani."

Shakira alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo.

"Mitungi ilikuwa chini ya ngazi hizi," alisema Mukabalisa.

"Najua ilipo. Nilikuwa namsikia. Nikajiambia nimalize fundo, kisha niteremke. Nikamaliza. Sikuteremka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu deski la usiku nililivunja mimi. Rwema aliniambia tusilivunje kabla kazi haijapata mwenyewe mwingine. Nikamwambia kampuni nyepesi haiweki watu wa kukaa wakisubiri simu. Nikaihakikishia bodi kwamba hakuna pengo. Uzi ule ungebaki, kila mtu angeona mama yule alikufa kwa neno langu." Alitazama mikono yake. "Kambini tulisubiri kila kitu, Inspekta. Maji, dawa, chakula. Mdogo wangu alikufa tukiwa kwenye mstari. Niliapa nitajenga kitu kisichomsubirisha mtu."

Sajini Eddie alikuwa ameacha kuandika.

"Jana usiku," Mukabalisa aliuliza, "kama Gahanga wangepiga, nani angepokea?"

Benon aliitazama ile nafasi tupu ukutani.

"Hakuna."

Eddie alitoa pingu. Mukabalisa alimzuia kwa mkono, kwa kuwa Shakira alikuwa ameshasogea ukutani. Alikata uzi wa kijani kwa meno, akafunga ncha moja kwenye kadi yake, fundo dogo, kavu. Ncha ya pili akaiacha ikining'inia, akamgeukia Nsabimana.

Nsabimana akasogea.

"Gari ninalo moja," alisema. "Leo nalala hapa na funguo."

"Na simu nabaki nayo mimi," alisema Shakira.

Nsabimana alizungusha ncha ile mara mbili, akakaza. Mukabalisa alingoja mpaka fundo likashika.

"Haya," alimwambia Benon. "Inuka, twende."