Mjukuu Wangu Alinizika Ili Apate Ufadhili

"Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Bibi aliyenilea naye... alifariki mwaka jana."

Wanangu mnaosoma hapa, huyo bibi ni mimi.

Nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimevua ndala zisije zikapiga kelele. Mjukuu wangu alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta ya kuazima, anahojiwa na watu wa ufadhili wa masomo ya nje. Masomo ya udaktari. Mimi huku namwombea dua apite, kumbe naitikia msiba wangu mwenyewe.

Kitendawili... Tega. Nimezikwa bila sanda, na chai ya msiba napika mwenyewe.

Mmeshindwa? Msinipe mji, nitawajibu bure.

Mahojiano yalipoisha, nikatoka.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Akafunga kompyuta haraka.

"Bibi, usichukie. Ni maneno tu."

"Ugonjwa gani? Nijue, nijitibu."

"Moyo."

"Hapo hujakosea."

Akanieleza, macho yakiwa chini. Mwanzoni, mwaka jana, aliomba kwa watu hao hao ufadhili wa watoto waliolelewa na wazee. Mshauri wake, kijana mmoja mwenye ofisi ya kuwajazia watu maombi, akamcheka.

"Alisema bibi hauzi. Bibi kila mtu anaye. Akanifutia ombi lile, akaniombea huu wa yatima asiye na mtu. Alisema ndio wa uhakika."

"Nawe ukanifukia."

"Bibi, nikishapata nitakufufua."

"Anayefufua ni Mungu. Wewe kazi yako ni koleo."

Mama yake, binti yangu, alifariki akamwacha hajaota jino. Nilimbeba mgongoni hadi mgongo ukakubali kupinda. Leo nikitembea naangalia chini kama niliyedondosha sindano, na yeye ndiye huyo anayenisomea wasifu wa marehemu.

Akapita mahojiano. Ila wakasema watamtuma mtu aje aone anapoishi.

"Bibi, nakuomba. Siku hiyo uwe mama mwenye nyumba, mimi mpangaji wako. Mara moja tu."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Najua. Nikachelea.

Mgeni alikuja mchana, mwanamke mpole, sauti ya chini. Nikamkaribisha kiti, kisha nikamgeukia mjukuu wangu kwa ukali wa wenye nyumba.

"We mpangaji, ndoo yangu ukimaliza kufua irudi. Si kila siku nikukumbushe."

Mgeni akatuangalia, mmoja kisha mwingine.

"Mnafanana."

"Mpangaji akikaa sana, mama, hufanana hadi na ukuta."

Akacheka. Halafu akaniuliza, kalamu mkononi.

"Huyu binti ana ndugu yeyote?"

Nikameza mate. Yalikuwa machungu kama shubiri.

"Hana mtu."

Mjukuu wangu akatoka kwenda kutoa kopi ya vyeti vyake. Tukabaki wawili. Mgeni akashusha pumzi.

"Maskini. Laiti bibi yake angekuwa hai."

"Ingekuwaje?"

"Ombi lake la kwanza ndilo lililokuwa linaongoza. Ufadhili ule unalipa kila kitu kama huu, tena kila likizo mwanafunzi anapewa tiketi aje amwone mzee wake. Huu wa yatima hauna tiketi ya likizo. Amrudie nani? Atakaa kule mpaka awe daktari kamili."

"Hawezi kurudi kwenye ule?"

"Kwa bibi gani, mama?"

Nikafungua mdomo. Nikisema niko hai, mjukuu wangu ni mwongo, na mwongo hapewi hata huu. Nikaufunga.

Masharti yote yalikuwa yameandikwa, wanangu. Mshauri hakuyasoma. Mjukuu wangu, msomi wangu, akamwachia mshauri amsomee.

Siku ya safari, uwanja wa ndege yule mgeni alikuwepo, na mpiga picha wao. Mjukuu wangu akanipa mkono kama mtu baki.

"Asante kwa kunihifadhi, mama mwenye nyumba."

Mpiga picha alipogeuka, akaniinamia sikioni. Uso ulikuwa unang'aa.

"Bibi, likizo ya kwanza tu, niko hapa kwako."

Kumbe mpaka siku ile hakuwa ameyasoma masharti.

Ningemwambia apande ndege analia? Nikamtengeneza kola.

"Njoo, mwanangu."

Akaingia ndani, hakugeuka, maana yatima hana wa kumpungia.

Udaktari ni safari ndefu, na miaka yangu iliyobaki ni ya kuomba. Akirudi, sijui kama atakuta mtu au atakuta uongo wake umekuwa kweli.

Nyie mnaotafuta ufadhili, someni masharti kwa macho yenu wenyewe, na muombe kwa maisha yenu halisi. Uongo hukukatia tiketi ya kwenda tu.