Karatasi Iliyojalidi Daftari la Hisabati

Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma, na baba alikuwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, bado anatoa maagizo.

"Ijumaa pitia posta, karani atakupa Gazeti la Serikali. Litundike kwenye msumari wangu, pale kwenye ubao wa ofisi ya kata. Mtendaji anajua. Likimaliza wiki, litoe ulipange kwenye jalada. Usilichane, usiandike juu yake, usilifungie kitu."

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

Kondakta akamsogeza kwa bega, mlango ukafungwa, basi likaondoka. Baba alikuwa tarishi wa ofisi ile, na sasa alikwenda kumuuguza dada yake kwa mwezi mzima. Binti yake wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa mdomo usiopumzika, alibaki na mama yake na kazi ya watu wazima.

Ijumaa ya kwanza alilichukua gazeti, akalifunua njiani. Halikuwa na picha wala habari za mpira. Lilikuwa na sheria mpya, waliobadili majina, kampuni zilizofungwa, hati zilizopotea, yote kwa herufi ndogo kama sisimizi. Akalitundika. Hakuna aliyesimama kusoma isipokuwa fundi viatu, mzee aliyeweka benchi lake kwenye baraza ya ofisi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea soli.

Jumatatu mwalimu angekagua madaftari, na asiyejalidi angesimama nje. Nyumbani karatasi hazikuwepo. Jumapili Chiriku alipita ofisini, akalitazama lile gazeti, jeupe, karatasi ngumu. Akachomoa karatasi moja ya katikati. Nani angejua?

Fundi viatu alijua.

"Wewe Chiriku," alimwambia Jumatatu jioni. "Hapa ni ukurasa wa 212, na unaoutazama ni wa 215. Karatasi moja imekwenda wapi?"

"Lilikuja hivyohivyo, babu."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Haya. Basi mpiga chapa naye siku hizi anaruka kamba." Akarudi kwenye kiatu chake.

Wiki zikapita, na uwongo ule ukatulia kama jiwe kwenye kiatu: unatembea, lakini unajua lipo.

Siku moja, mwalimu akiwa ubaoni, rafiki yake Chiriku wa dawati moja alichoka na hesabu za sehemu, akaanza kusoma jalada la daftari la mwenzake.

"We, unasoma hisabati au unauza viwanja?" akanong'ona. "Kiwanja namba 88, Mtaa wa Kisimani. Si kwa mama mshonaji?"

Chiriku akaligeuza daftari. Namba 88 aliijua, ilipakwa rangi nyekundu mlangoni kwa mjane aliyemshonea sare aliyovaa. Tangazo lilisema kwamba hati ya kiwanja hicho imepotea, na bwana fulani anaomba apewe mpya kwa jina lake. Mwenye pingamizi aandike kwa msajili wa ardhi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya gazeti.

Wakahesabu kwa vidole chini ya dawati. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Angeweza kuirudisha karatasi kimyakimya na kunawa mikono. Lakini ndani ya siku nne nani angeiona? Kengele ilipolia, hakupita nyumbani.

Mama mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Chiriku akamwamkia, akampa daftari, akasema yote bila kupumua: kuchomoa, kujalidi, kumdanganya fundi viatu.

Mama akasoma mara mbili. "Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Mdogo wake marehemu. Hati imepotea, eti." Akainuka, akafunua mto wa kiti chake na kutoa bahasha iliyobapa. "Hati iliyopotea nimeikalia miaka tisa."

Kisha akamgeukia. "Na wewe umeikalia habari yangu wiki tatu na zaidi."

Chiriku akalibeba daftari, wakaenda wote wawili barazani kwa fundi viatu.

Yeye ndiye aliyejua namna ya kuandika pingamizi. Aliandika namba ya gazeti, tarehe, namba ya tangazo. Chiriku alisimama mbele yake. "Babu, halikuja vile."

"Najua," mzee akasema bila kuinua kalamu. "Nilikuwa nangoja useme."

Kesho yake alfajiri mama mshonaji alipanda basi kwenda kwa msajili, na barua na hati. Alirudi jioni na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Baba aliporudi, Chiriku alimweleza mwenyewe kabla hajafungua begi. Baba akaliweka begi chini, akasema: "Serikali haiwezi kubisha hodi kila mlango. Hii karatasi ndiyo mdomo wake. Ikishatoka, inahesabiwa kwamba umesikia, hata kama ulikuwa umelala, hata kama hujui kusoma. Kwa hiyo anayeichana hachani karatasi. Anamziba mwenzake masikio. Lakini uliposema kweli uliyazibua, na hapo ulifanya vizuri."

Ombi la shemeji lilikataliwa, na mtaani hakuonekana tena. Mama mshonaji bado anashona. Hati iko kwenye sanduku la kufuli, na analalamika kwamba kiti kimekuwa kifupi. Shangazi alipona. Fundi viatu alibadilisha uzi wa miwani. Chiriku alinyimwa gazeti kwa wiki mbili, kisha akarudishiwa kazi, na sasa huhesabu kurasa mbele ya karani wa posta mpaka karani anachoka. Karatasi ile imo kwenye jalada la ofisi, mahali pake, baada ya ukurasa wa 212. Ina mikunjo minne, na juu yake, kwa wino wa buluu, imeandikwa: Hisabati, Darasa la Sita.